Boriti ya Chuma

Niliitwa kutazama dari, Langoni,
kwa Batulbai, nyuma ya duka la makopo.
Boriti za mkoko zimeliwa na mchwa, kumi na saba,
nikazihesabu kwa kidole. Ya kumi na nane haikuliwa.
Nikaikwangua chokaa. Chuma.
Kichwa cha mviringo, kiuno chembamba, mguu bapa:
reli,
katika mji ambao mzigo mzito
hupita kwa kwato nne.

"Hiyo usiiguse," akasema kutoka chini.
"Hiyo yatoka Viramgam."

Nikashuka ngazi. Kazi ikalala.
Akanimiminia chai, akaanza
kama mtu anayesoma ratiba:
babu yake, Taherali, alikuwa mtu wa stesheni,
huko ambako reli mbili zilikutana zisipatane,
moja pana, moja nyembamba,
gari la huku haliwezi kwenda kule hata hatua.
Basi kila kitu kilishushwa, kikavushwa, kikapakiwa tena:
marobota ya pamba, magunia ya chumvi,
bibi harusi na sanduku lake la bati,
maiti pia, amebebwa na wanawe wanne
wakiulizana jeneza lakatiwa tikiti ya daraja gani.
Maji: mtungi huu wa Wahindu, mtungi ule wa Waislamu,
na kisima, asema, kilikuwa kimoja.
Vikombe vya udongo, ukishakunywa wavunja.
Taherali alilala akisikia vikombe vikivunjika
akajua ni treni gani, bila ya saa.

"Makuli mia tatu walikula," akasema,
"kwa kuwa wakubwa wawili hawakupatana kipimo."
Akacheka kwa meno aliyobakiwa nayo.

Kengele ya pale haikuwa kengele.
Ilikuwa kipande cha reli, kimening'inia kwa mnyororo.
Taherali alikipiga kwa nyundo:
moja, jiandaeni;
mbili, inaingia;
tatu, aliye na machozi aanze sasa.
Na kipande hicho, kwa kiapo cha Batulbai,
ndicho alichovuka nacho bahari
kimeshonewa ndani ya godoro.

Nilikuwa nimekipima. Dhiraa sita na shubiri.
Godoro gani hilo? Sikuuliza. Chai ilikuwa na iliki.

Alasiri nikapanda tena, nikakwangua
mpaka nikafika kwenye herufi:
U, kisha R, na mwaka uliokwisha kwa kutu.
Reli ya Uganda. Chuma chakavu cha Kilindini,
cha mnada labda, kilichokuja Lamu
pamoja na mabati na mapipa ya lami.
Chini, yeye alikuwa akipepeta mchele.
Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

Juma lile vijana wa vipimo walikuwa wamepita Hindi
(Hindi hii yetu, ya bara, ya mahindi na korosho)
wakipanda vigingi vyekundu
vya reli itakayofika, walisema, karibuni.
Mbuzi wa shemeji yangu wanavijikunia.
Vizuri, vigumu, havitikisiki.
Nami nani nimcheke mtu kwa treni yake?

Fundi hakiamini chuma mpaka kimjibu.
Nikachukua nyundo kusikiliza kama kina ufa.
Nikapiga. Nyumba nzima ikaitika,
sahani kabatini, kufuli mlangoni.
Nikapiga tena.
Uteo ukanyamaza.

Nilipotazama chini alikuwa amesimama mlangoni,
rida yake ya rangi ya waridi, viatu miguuni,
mkoba umebanwa kwapani,
anangoja.
"Bunu," akasema, "na ya tatu?"

Mkono wangu ulikuwa juu.
Nikaushusha taratibu kama anayeweka yai.
"Imechelewa," nikamwambia.
"Ah," akasema, "ndiyo kawaida yake,"
akavua viatu, kimoja, kisha kingine.

Kwenye hesabu nimeandika: boriti kumi na saba,
chokaa mifuko minne.
Mfuko wa tano, wa kufunika zile herufi,
sikumtoza.